Usiku wa nyota shuleni: mwongozo kwa mwalimu anayeanza bila darubini

Maswali ninayopata kutoka kwa walimu hayabadiliki. Darubini inauzwa wapi? Mwezi mpevu si ndio mzuri zaidi? Darubini moja itatosha watoto mia tatu? Na lile linaloulizwa kwa sauti ya chini mkuu wa shule akishatoka: wazazi hawatadhani tunawafundisha watoto uganga? Nimechoka kuyajibu kwa vipande kwenye simu, kwa hiyo haya hapa yote, kwa mpangilio wa kazi yenyewe.

Ninaandika nikiwa Arua, Uganda, na mifano mingi ni ya Nile Magharibi, lakini mwalimu wa Mbale, Masaka au Kabale atabadilisha machache tu. Msimamo wangu utauona mapema: kinachoharibu usiku wa nyota ni tarehe mbaya na foleni mbaya, si kukosa darubini. Anayeniuliza kwanza habari za darubini namrudisha kwenye kalenda.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Vya lazima:

- Uwanja wenye anga wazi, hasa upande wa magharibi.
- Tochi mbili au tatu zilizofungwa kavera (mfuko wa plastiki) nyekundu, tabaka mbili. Mwanga mwekundu hauharibu macho yaliyokwisha kuzoea giza.
- Simu moja yenye programu ya Stellarium, inayoonyesha nyota na sayari zilizoko angani. Ile ya bure inatosha. Ijulishe mahali ulipo ukiwa bado na intaneti. Uwanjani itafanya kazi bila mtandao.
- Kamba, au chokaa ya kuchorea mistari ya foleni.
- Mtu mzima mmoja au mwanafunzi mkubwa kwa kila kituo.
- Kiti cha plastiki kwa watoto wafupi. Nitaeleza huko mbele kwa nini hiki ni muhimu kuliko kinavyoonekana.

Vikiwepo, vizuri zaidi:

- Darubini ya macho mawili, ile wanayobeba waelekezi wa watalii mbugani. Tafuta iliyoandikwa 7×50 au 10×50. Namba ya kwanza ni mara inazokuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Ukiweza kuiazima, iazime.
- Darubini ya nyota. Kama shule imepata fedha, chukua yenye kioo cha milimita 114 au 130 inayokaa juu ya kitako cha mbao kinachozunguka. Iache ile nyembamba ya miguu mitatu, yenye boksi linalojigamba kukuza mara 525. Kipimo cha kukumbuka: ukuzaji wenye maana hauzidi mara mbili ya upana wa kioo kwa milimita. Yenye milimita 60 inaishia mara 120, na mara nyingi haifiki hata hapo.

Huna hata kimoja katika hivi viwili? Endelea kusoma. Hatua ya 4 na ya 7 hazihitaji darubini, na ndizo watoto wanazozikumbuka.

Hatua ya 1: Chagua tarehe kwa kuufuata mwezi

Hapa ndipo wengi huanguka. Wanachagua Ijumaa inayomfaa mkuu wa shule, au wanasubiri mwezi mpevu kwa kuwa unapendeza. Mwezi mpevu ni mbaya kwa darubini. Jua linaupiga usoni moja kwa moja, vivuli vinapotea, na mtoto anaona weupe mtupu unaoumiza jicho. Tena unafuta nyota zote hafifu.

Unachotaka ni mwezi mchanga. Kwenye mstari unaotenga mwanga na giza, vivuli vya milima ni virefu na kreta, yale mashimo ya mwezini, zinatokeza kiasi kwamba mtoto anataka kuzigusa. Wala huhitaji kalenda ya pekee. Muulize jirani Mwislamu mwandamo ulionekana jioni ipi, kisha hesabu:

- Shule ya bweni: jioni ya nne hadi ya sita. Ifikapo saa mbili usiku mwezi uko magharibi, haujashuka sana wala hauko utosini. Jioni ya saba mwezi unakaribia utosi jua linapozama, na huko ndiko darubini nyingi za bei nafuu hukataa kuelekea.
- Shule ya kutwa: siku ya saba hadi ya tisa. Mwezi wa siku hizo unachomoza kati ya saa sita na saa nane mchana. Saa kumi na moja jioni umekwisha panda upande wa mashariki na unaonekana wazi kwenye anga ya buluu. Kreta zinaonekana kwa darubini mchana huo huo, na watoto wanafika nyumbani kabla ya giza.

Hili la pili walimu hawaliamini mpaka wajaribu. Kama usalama wa njiani ndio uliokuzuia miaka yote, kizuizi hicho kimeondoka. Sharti ni moja: simamisha darubini kwenye kivuli cha jengo, jua likiwa limefichwa kabisa na ukuta, ili hata kwa bahati mbaya isielekee juani.

Halafu msimu. Huku kwetu kiangazi cha uhakika ni Desemba hadi Februari, kwa hiyo wiki za mwanzo za muhula wa kwanza ni dhahabu, ingawa moshi wa nyika zinazochomwa hupunguza uangavu upande wa chini wa anga. Kusini mwa nchi kuna nafasi nyingine Juni hadi Agosti. Wiki ya Anga Duniani huadhimishwa kila mwaka tarehe 4 hadi 10 Oktoba, na ofisi nyingi hupenda kuitumia. Mimi siipendi kwa kazi ya usiku: Oktoba ni mvua karibu kila pembe ya Uganda. Itumie kwa shughuli za mchana na michoro ya ukutani, kisha weka usiku wako pale anga inapokubali.

Weka tarehe mbili tangu mwanzo, ya kwanza na ya akiba, zikifuatana. Ukitangaza moja tu na mawingu yakaja, watu watapoteza imani, na hiyo hairudi kirahisi.

Hatua ya 2: Omba ruhusa kwa mpangilio

Anza na mkuu wa shule. Mkumbushe kwamba mtaala wa sekondari ya chini ulioanza 2020 una sehemu ya dunia na anga katika Fizikia, kwa hiyo hili ni somo, si burudani. Halafu mwalimu wa zamu na metroni, kwa sababu ndio watakaohesabu watoto wakitoka na wakirudi. Omba saa za prepu, yaani za kujisomea usiku. Ukiomba saa za kulala utakataliwa, na ni haki yao.

Ukialika watu wa nje, mjulishe mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na kituo cha polisi cha karibu. Kundi la watu gizani, na kifaa kirefu kinachoelekezwa juu, ni jambo ambalo mtu wa mbali anaweza kulielewa vibaya kabisa.

Kuhusu uganga: barua kwa wazazi iandike kwa maneno ya kawaida. Tutaangalia mwezi na sayari, hatutatabiri jambo lolote la mtu yeyote. Mwalike shehe, katekista au mchungaji wa hapo awe wa kwanza kuchungulia. Akiinua uso akacheka, mjadala umekwisha.

Hatua ya 3: Kagua uwanja usiku, si mchana

Nenda saa mbili usiku, siku moja kabla. Mchana hutajua ni taa ipi ya ulinzi inayopiga uwanjani. Zungumza na askari wa lango mapema: taa ipi izimwe, kwa muda gani, na nani atabaki langoni. Umeme ukikatika usiku huo, shukuru kimya kimya.

Simamisha vituo kwenye nyasi fupi au udongo. Epuka sakafu ya saruji na epuka kuangalia juu ya paa la mabati. Vyote viwili hutoa joto la mchana na picha inachemka kwenye lenzi. Nyasi zikatwe, kwa sababu ya nyoka. Walioko karibu na Ziwa Victoria wanajua tayari kwamba taa moja nyeupe huita mawingu ya wadudu wa ziwani.

Hatua ya 4: Fanya somo la mchana kwanza

Usihutubie gizani. Maelezo yote marefu yamalizike mchana uwanjani, na njia ninayoipenda inahitaji mpira tu.

Weka mpira wa miguu kwenye mstari wa goli. Huo ni Jua. Kwa kipimo hicho Dunia ina upana wa milimita 2, yaani punje ya ulezi. Waulize watoto waiweke wapi. Wataiweka hatua mbili tatu kutoka kwenye mpira. Waache wabishane kidogo, kisha pima mita 24. Hapo ndipo Dunia ilipo, na Mwezi uko sentimita 6 kutoka kwenye punje hiyo. Mshtarii (Jupiter) ni gololi kubwa ya sentimita 2, nayo iko mita 123, nje ya goli la upande wa pili. Zohali (Saturn) iko mita 226, pengine jikoni mwa shule. Neptuni iko mita 710, na hapo utamtuma mvulana mwenye mbio aende barabarani akapunge shati.

Kisha uliza swali la mwisho: nyota ya jirani, mpira wa pili, tuuweke wapi? Kwa kipimo hicho uko zaidi ya kilomita 6,300, kupita umbali wa kutoka Arua hadi London. Nyamaza hapo. Usiongeze hotuba.

Hatua ya 5: Jaribu darubini mchana

Darubini nyingi za nyota zina darubini ndogo ya kulengea ubavuni. Zisipoangalia sehemu moja, usiku utatafuta mwezi kwa robo saa watoto wakikutazama. Rekebisha mapema, jua likiwa nyuma ya jengo:

1. Weka lenzi ya kuchungulia yenye namba kubwa, kwa kawaida milimita 25 au 20. Namba kubwa hukuza kidogo na huonyesha eneo pana.
2. Elekeza kwenye mnara wa simu ulio mbali, angalau kilomita moja. Ulete ncha ya mnara katikati.
3. Bila kuigusa darubini kubwa, kaza skrubu za ile ndogo mpaka ncha ile ile ikae katikati ya alama yake.
4. Badilisha lenzi, weka ya milimita 10, hakikisha tena.

Ukitaka kujua unakuza mara ngapi, gawanya urefu wa fokasi wa darubini (umbali kutoka kioo hadi mwanga unapokutana) kwa namba ya lenzi. Yenye milimita 650 ukiiwekea lenzi ya 25 inakuza mara 26. Ukiiwekea ya 10, mara 65. Mwezi mzima unapendeza kwa 26. Pete za Zohali zinataka hiyo 65.

Picha ikiwa kichwa chini, kifaa ni kizima. Darubini za nyota ndivyo zilivyo, na angani hakuna juu wala chini.

Hatua ya 6: Kituo kimoja, kitu kimoja

Kosa la mwalimu mwenye bidii ni kuhamisha darubini kila dakika kumi ili watoto "waone vingi". Matokeo yake nusu ya foleni haioni chochote. Darubini moja ibaki kwenye kitu kimoja usiku mzima.

Cha kuchagua kinategemea mwezi wa mwaka. Saa mbili usiku kutoka Uganda:

- Januari hadi Machi. Kundi la nyota la Jabari (Orion) liko juu kabisa. Nyota tatu za mkanda wake ziko karibu na mstari wa ikweta ya anga, kwa hiyo kwetu zinapita utosini; watu wa Ulaya hawalioni hilo. Chini ya mkanda kuna doa la ukungu ambalo darubini yoyote inalionyesha. Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote za usiku, iko hapo karibu, na kusini utaiona Suheli. Kilimia kiko upande wa kaskazini-magharibi: kwa macho hesabu nyota sita au saba, kwa darubini ya macho mawili makumi.
- Aprili hadi Juni. Ukiangalia kusini kuna Msalaba wa Kusini, ukigeuka kaskazini kuna zile nyota saba za Dubu Mkubwa. Kuviona vyote viwili usiku mmoja bila kuhama ni fahari ya watu wa ikweta. Waambie watoto hivyo.
- Julai hadi Septemba. Nge na mkia wake, na sehemu nene kuliko zote ya Njia ya Maziwa. Hapa shule za vijijini zinaishinda Kampala mbali sana. Walioko Karamoja, karibu na Kidepo, wana anga ambayo watu husafiri mabara kuifuata.
- Oktoba hadi Desemba. Mawingu mengi, lakini Kilimia kinachomoza mashariki mapema usiku, na Zohali inaonekana vizuri miaka hii.

Sayari hazifuati majira, kwa hiyo ziangalie kwenye Stellarium. Kwa kupanga mbele: Zohali itakuwa mkabala na Jua Oktoba 2026 na tena Oktoba 2027, Mshtarii Februari 2027. Karibu na tarehe hizo sayari inachomoza jua linapozama na kukaa juu usiku kucha. Pete za Zohali zilitugeukia ubavu Machi 2025, zikawa kama zimepotea. Tangu hapo zinafunguka mwaka hadi mwaka mpaka karibu 2032. Aliyejaribu 2025 akakata tamaa, ajaribu tena.

Wenye darubini ya macho mawili peke yake: uegemeze mkono ukutani au uifunge kwenye mpini wa mwavuli uliosimikwa ardhini, uelekeze kwa Mshtarii. Utaona vidoti hadi vinne vimejipanga mstari. Ni miezi ile ile aliyoiona Galileo Januari 1610. Mwambie mtoto achore vilivyokaa, aje tena usiku unaofuata aone vimehama.

Hatua ya 7: Fungua usiku kwa macho matupu

Jua kwetu huzama karibu na saa moja mwaka mzima, na giza kamili huingia kama dakika sabini baadaye. Waite watoto saa moja na nusu. Wakae chini, simu zote mfukoni. Macho yanahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na simu moja ikiwashwa hesabu inaanza upya kwa kila aliyeitazama.

Dakika hizo zitumie hivi. Kwanza wauangalie mwezi mchanga na waulize umelalaje. Vitabu vyao vingi vimechorwa na watu wa kaskazini ya mbali, mwezi ukiwa umesimama wima; wa kwetu jioni umelala kama mtumbwi. Kitabu hakijakosea na macho yao hayajakosea. Wanasimama sehemu tofauti ya mpira ule ule. Pili, waulize wazee walioalikwa wanaziitaje nyota hizi kwa Lugbara, Kialur au Kimadi, na walilima kwa kuangalia zipi. Hapo mwalimu wa sayansi akae kimya asikilize.

Nyota ya Kaskazini wengi wataiulizia. Kutoka Arua iko nyuzi tatu tu juu ya upeo wa macho, ndani ya vumbi na miti. Kutoka Kampala imelala kwenye upeo wenyewe. Usipoteze muda.

Hatua ya 8: Foleni

Piga hesabu kabla, si usiku wenyewe. Kila mtoto anahitaji kama nusu dakika hadi dakika moja. Watoto 60 kwa darubini moja ni nusu saa ukiwa na bahati, au saa nzima. Watoto 300 haiwezekani. Wagawe kwa madarasa, usiku tofauti, au ongeza vituo visivyo na darubini: kituo cha macho matupu, cha kuchora mwezi, cha maswali.

Mambo ya foleni yanayookoa usiku:

- Mstari wa chokaa usimame mita mbili kutoka kwenye darubini. Anayesubiri asiiguse.
- Mtoto ashike kiti, si darubini. Mikono ikikosa kazi hukamata bomba, na kitu kinapotea. Ndiyo maana nimesisitiza kiti cha plastiki: mfupi anapanda, mrefu anashika mgongo wake.
- Jicho lisogee karibu na lenzi, lisiibane. Mwenye miwani aanze nayo.
- Anga linazunguka nyuzi 15 kwa saa. Kwa ukuzaji wa mara 50 hivi, kitu ulichokiweka katikati kinatoka nje baada ya dakika mbili. Kirudishe katikati kila baada ya watoto wawili. Anayesimamia kituo kazi yake ni hiyo tu.
- Usiulize "umeona?" Kila mtoto atasema ndiyo, kwa heshima. Uliza "upande gani una giza?" au "vidoti vingapi?" Asiyejibu hajaona, mrudishe.

Wasichana wa madarasa madogo mara nyingi husukumwa nyuma gizani. Panga foleni kwa majina, metroni akiwa na orodha.

Hatua ya 9: Jiandae kwa maswali

Hutajibu yote na hakuna anayetarajia. Lakini haya yatakuja. *Bendera ya Wamarekani inaonekana?* Hapana, hata kwa darubini kubwa kuliko zote duniani. Ni ndogo mno kwa umbali wa kilomita 384,000. Watu 12 walitembea mwezini kati ya 1969 na 1972. *Ile taa inayokwenda bila kupepesa ni nini?* Satelaiti, inaakisi jua ambalo kwetu limekwisha zama. *Na mstari wa taa nyingi zinazofuatana?* Satelaiti za Starlink zilizorushwa siku si nyingi. *Uganda ina satelaiti?* Ilirusha moja, PearlAfricaSat-1, tarehe 7 Novemba 2022, iliyojengwa na wahandisi watatu wa Uganda wakiwa masomoni Japani. Iliachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga Desemba mwaka huo. Swali hili likija, watoto huanza kuuliza masomo ya kuchukua, na usiku umelipa.

Onyo la Jua

Kuangalia Jua kwa darubini, hata nukta moja ya wakati, kunaunguza jicho bila maumivu na bila kurudi. Filamu ya eksirei, kioo cha moshi, CD na miwani ya kawaida ya jua si kinga. Kinga ni miwani ya kupatwa kwa Jua yenye alama ISO 12312-2, isiyo na mkwaruzo, na kioo cha mchomeleaji wa vyuma namba 14. Hata hizo si za kuvaa huku unachungulia kwenye darubini. Zikija na darubini lenzi ndogo nyeusi za kufunga upande wa jicho, zitupe. Joto huzipasua ghafla.

Naliandika kwa sababu ya tarehe moja. Wengi huku wanakumbuka Novemba 3, 2013, Pakwach ilipoingia giza mchana na wageni wakafurika. Tarehe 2 Agosti 2027, siku ya Jumatatu, Jua litapatwa tena. Kivuli kizima kitapita Afrika Kaskazini na Luxor, Misri, giza likidumu zaidi ya dakika sita. Sisi Uganda tutaona sehemu tu. Sehemu maana yake hakuna dakika hata moja salama ya kutazama bila miwani. Agiza mapema. Zikikosekana, toboa tundu dogo kwenye kadibodi, lipe Jua mgongo, acha mwanga upite tunduni uangukie karatasi nyeupe. Mwembe wa shule unafanya kazi hiyo hiyo bure: mianya ya majani hutupa ardhini miezi midogo midogo mamia.

Mambo yakienda kombo

*Sioni chochote, giza tupu.* Kifuniko cha mbele kimeondolewa? Usicheke, ndiyo sababu ya kwanza. Kama kimeondolewa, rudi kwenye lenzi ya milimita 25.

*Picha ina ukungu.* Zungusha kitufe cha fokasi taratibu mpaka mwisho mmoja, kisha rudi. Ukungu ukibaki, lenzi imepata umande au pumzi ya watoto. Iache ikauke, usiifute na shati.

*Picha inatetemeka.* Upepo, au miguu mitatu imerefushwa mno. Ifupishe, ning'iniza mfuko wa mchanga katikati, mtoto apige magoti.

*Naona weusi unaohamahama.* Ni kope za mtoto. Arudi nyuma kidogo.

*Mwezi unaumiza macho.* Hauharibu jicho, ila unakera. Baadhi ya vifuniko vya mbele vina kitundu kidogo chenye kizibo. Rudisha kifuniko, fungua kizibo tu.

*Mawingu yamefunga.* Subiri dakika 20, si zaidi. Waendeshe Stellarium ukutani kama kuna projekta, wapige maswali, halafu walale. Tarehe ya akiba ipo. Mvua ikianza, funika darubini kwanza, hotuba baadaye.

*Diwani amefika amechelewa na anataka kuruka foleni.* Mpe nafasi, dakika moja, na mwombe mbele ya watu aahidi viti vya plastiki kumi.

*Mkuu wa shule anataka ripoti.* Ukurasa mmoja: waliofika, walichoona, michoro mitatu mizuri ya watoto, na tarehe mbili za mwezi mchanga unaofuata zikiwa zimeandikwa tayari, pamoja na nafasi ya saini yake.